Wakwe Wawili kwenye Kamba Moja

Mume wangu alifungwa kamba moja pamoja na baba yangu kabla hajafunga ndoa nami. Wote wawili walikuwa mafundi wa kuezeka mabati katika Lubumbashi ya zamani, mji ambao kwenye karatasi za serikali uliitwa Elisabethville, na sisi watu wa mtaa wa Kamalondo tukauita hivyo mbele ya polisi tu. Kazi yao ilikuwa juu. Maghala, shule, nyumba za Wazungu zenye veranda pana: ukiona mabati mapya yanayokuumiza macho kwa kung'aa, ujue baba yangu amepita pale, miguu peku, misumari mdomoni.

Siku hizi nawaona vijana wanaopanda mapaa ya maduka wamevaa mikanda yenye vyuma na kofia ngumu, wanajigamba kama wanajeshi. Wakati ule mkandarasi alitoa mabati, misumari na matusi. Kuanguka au kutoanguka lilikuwa shauri lako mwenyewe. Baba yangu ujanani alimwona mwenzake akidondoka kutoka paa la ghala, na hakupenda kutusimulia zaidi ya hapo, ila tangu siku ile hakupanda tena bila kamba. Alikuwa na kamba nene ya katani, aliyoipaka mafuta na kuitundika chumbani mwake, na ole wake mtoto atakayeichukua kuanikia nguo.

Walivyoitumia ni hivi. Fundi mmoja anakaa upande huu wa paa, mwingine upande ule. Kamba inapita juu ya mgongo wa paa, pale pande mbili zinapokutana, na kila mmoja amejifunga ncha yake kiunoni. Huyu akiteleza, uzito wa yule ndio unaomshika. Hakuna kingine. Kwa hiyo sheria ya baba ilikuwa moja: hakuna kusogea bila kusema. Ukitaka kwenda kushoto, sema. Ukiona hatari, sema. Ukitaka kushuka, sema, na wote wawili mpande kwanza mgongoni, mketi, ndipo mfungue mafundo. Baba aliturudia maneno hayo nyumbani, sisi mabinti zake ambao hatukuwa na habari na mapaa, mpaka tukawa tunayasema pamoja naye kwa kumdhihaki.

Mwenzake wa kamba alikuwa kijana wa kutoka kaskazini mwa Katanga, mtoto wa mfanyakazi wa reli, Mkatoliki wa kweli, mtu wa maneno mengi. Baba alimpenda kwa sababu mbili. Kwanza, uzito wao ulilingana. Pili, kijana huyu hakujua kunyamaza. Toka asubuhi hadi jioni walipiga soga kupitia mgongo wa paa bila kuonana, mmoja huku, mwingine kule, habari za mpira, za bei ya unga, za mapadri. Watu waliopita barabarani walidhani mabati yenyewe yanazungumza. Jumamosi baba alimleta nyumbani, wakala bukari, ndio ugali wetu, katika sahani moja, na mimi ndiye niliyewanawisha mikono. Sitaeleza mengi. Nilikuwa na macho, naye alikuwa nayo.

Alipotuma watu kuja kuniposa, baba alifurahi mpaka akasahau kujifanya hajafurahi, kama inavyompasa baba wa binti. Mama alimkanyaga mguu chini ya meza.

Hapo ndipo mila ilipoingia na kukaa katikati yao. Kwa watu wa mama yangu, wa upande wa Luapula, na kwa watu wa mume wangu vilevile, mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa umbali. Kijana akishaoa, hasemi na baba mkwe wala mama mkwe. Hali chakula mbele yao, hawatazami usoni. Mama mkwe akimwona anakuja, anajifunika kitenge na kubadili njia. Hali hiyo inaendelea mpaka siku mama mkwe atakapompikia kuku mzima, pamoja na vyakula vingine vya heshima, na kumwandalia kwa mkono wake. Akishakula, kinywa chake kimefunguliwa. Wengine hufanya hivyo baada ya miezi michache, wengine mpaka mtoto wa kwanza azaliwe. Sikuwa na ugomvi na mila hiyo. Nilikua nayo, na nilijua ina maana yake. Lakini walioianzisha hawakuwahi kupanda paa.

Basi wale wawili, waliozungumza kuliko redio, wakawa mabubu. Mafundi wengine walimshauri baba abadili mwenzake. Nakumbuka alivyowajibu, akiwa kwenye kiti chake mlangoni, na mkono wake ukikata hewa.

"Nilimupatia mutoto yangu sababu anajua kushika kamba. Sasa nimunyanganye kamba? Hapana!"

Alikuwa na haki, na alikuwa na kichwa kigumu, vyote kwa pamoja.

Wakatafuta njia. Kulikuwa na fundi wa tatu, jirani wa mume wangu, kazi yake kukaa mgongoni mwa paa na kuwapitishia mabati. Huyo sasa akawapitishia na maneno. Baba alisema, "Ambia mukwe yangu naenda kushoto," na yule aligeuza kichwa na kuyasema upande wa pili, ingawa mume wangu alikwisha kuyasikia vizuri kabisa. Mume wangu alijibu, "Ambia baba ni sawa," na maneno yakarudi. Bwana yule alikuwa mtani asiye na haya, akatia chumvi kila alipoweza. Baba akiomba misumari, upande wa pili ilifika kwamba mkwe wako anauliza kama umelala. Mume wangu alikuja nyumbani akicheka peke yake. Nilimwambia mchezo huo siku moja utamtokea puani, akanibusu kichwani na kuniuliza chakula kiko wapi.

Kwa nini mama hakupika mapema yaishe? Kwa sababu mama yangu alikuwa na kiburi cha upishi. Alitaka samaki. Si samaki wowote, ila wale wakubwa wa moshi kutoka Luapula, ambao kaka yake, mchuuzi wa Kasomeno, alikuwa amemwahidi. Mjomba alituma salamu kwamba anakuja. Kisha gari likaharibika. Kisha akatuma salamu nyingine. Mama akakataa katakata kumfungua kinywa mkwe wake kwa kuku na sombe tu, yaani majani ya muhogo, watu wa kaskazini wasije wakaenda kumsema kwao. "Banitukane miye?" alisema. "Hapana. Tungoye samaki." Tukangoja, na mvua za kwanza zikaanza kujikusanya upande wa kusini, jioni baada ya jioni, bila kushuka.

Siku ninayotaka kuisimulia, mafundi walikuwa kwenye ghala refu karibu na reli. Yule mtani hakuwapo, alikwenda Mokambo msibani. Asubuhi, kabla ya kuondoka, mume wangu alinieleza kwamba baba ametafuta ishara badala ya maneno: kuvuta kamba mara moja ni kusogea, mara mbili ni kupanda mgongoni. Nilimuuliza kama naye atavuta. Akaniangalia kama niliyesema tusi.

"Nimuvute mukwe yangu mu kiuno? Kama mbuzi?"

Nikajua hapo kwamba kamba ile siku hiyo itasema upande mmoja tu. Nilimwambia abaki nyumbani. Alisema mtu haachi kazi kwa sababu ya mwenzake kwenda msibani, akavaa kofia yake, akaenda. Nilibaki na hasira iliyonifanya niponde sombe mpaka ikawa uji.

Mchana niliwapelekea chakula, sahani mbili mbalimbali bila shaka, kwa sababu ya heshima. Nilipofika nikasimama kwenye ncha ya ghala, mahali ambapo ukiinua macho unaona pande zote mbili za paa. Kushoto kwangu, chini kabisa karibu na ukingo, baba alikuwa ameinama akigongelea bati la mwisho la mstari, mgongo wake umeelekea kusini. Kulia, mume wangu alikuwa ameketi juu ya mabati, karibu na sehemu isiyoezekwa bado, mahali mbao zilipokuwa wazi. Hakuwa akifanya kazi. Alikuwa akitazama mvua.

Ilikuwa inakuja kutoka upande wake, pazia jeusi juu ya paa za mji, na moshi wa kiwanda umelala chini yake. Baba hakuweza kuiona, paa lilimkinga. Bati kavu lina mshiko kwa mtu mwenye miguu peku. Bati lenye matone ya kwanza, yaliyochanganyika na vumbi jekundu la kiangazi kizima, ni sabuni. Kila fundi alijua. Ilibidi baba aambiwe apande mgongoni sasa hivi.

Nikamwona mume wangu akifungua kinywa. Akakifunga. Akaigusa kamba, akaiachia kama imemchoma. Akachukua nyundo akagonga bati kwa nguvu, tena na tena, lakini baba naye alikuwa anagonga, na kwake hiyo ilikuwa ni kazi tu inaendelea. Kupanda mwenyewe mgongoni ili aonekane hakuweza, maana kamba ingelegea upande wa baba. Kufungua fundo na kukimbia, hilo hata shetani asingelifikiria. Kwa hiyo alifanya jambo la pekee lililobaki. Alijisogeza taratibu hadi kwenye zile mbao wazi, akaingiza miguu yake chini ya mbao, akalala kifudifudi, akaikamata kamba kwa mikono yote miwili, akangoja mkwe wake aanguke.

Nikaelewa anachofanya. Nilipiga kelele, "Baba! Mvula!" Akageuka kuona nani anamwita, na matone yakafika.

Hakuanguka kwa kishindo. Mguu mmoja ulimtoka, kisha wa pili, akateremka kwa tumbo, akipapasa, na hakuna cha kushika. Miguu yake ikapita ukingo, kisha magoti, kisha kiuno. Kamba ikakaza. Upande wa pili nilimwona mume wangu akinyooshwa mwili mzima, na zile mbao zikalia, zikamshika miguu. Baba akabaki kifua juu ya bati, nusu yake ikining'inia hewani juu ya lami na rundo la matofali. Niliziachia sahani zote mbili.

Sasa kila mmoja alimhitaji mwenzake kwa neno. Baba hakuweza kupanda bila kuvutwa, na mume wangu hakuweza kuvuta bila kujua mkono wa baba uko wapi. Akivuta vibaya, angemtoa pale alipokwama. Na kamba ilikuwa inasagwa kwenye ncha ya bati la mgongoni. Mnajua baba yangu alifanya nini? Aligeuza shingo akaniangalia mimi.

"Mama," alisema, maana ndivyo alivyoniita, "ambia mukwe yangu avute polepole."

Nikageukia kulia, nikapiga kelele, "Baba anasema uvute polepole!" Mume wangu, uso wake umebanwa kwenye bati, akanijibu mimi, "Ambia baba atafute pa kutia muguu!" Nikageukia kushoto. Kati yao hapakuwa na umbali wa kulaza hata watu wanne, walisikiana kila pumzi, nami nilikuwa chini kwenye vumbi nikikimbiza maneno kama tarishi. Mwanamume anakufa, na hawa wananipa salamu za kupeleka! Sijawahi kuwa na hasira kama ile, na sijawahi kuogopa kama vile, na sikuweza kuzitenganisha.

Halafu mvua yote ikashuka juu ya ghala. Mabati yakapiga ngoma mpaka sikusikia hata sauti yangu mwenyewe. Nilimwona baba akifungua kinywa kunielekea, na hakuna neno lililofika. Nilimwona mume wangu akinitazama, akingoja nimpe maneno. Sikuwa nayo. Nikaitupa kanga yangu ya kichwani, nikampungia mikono, nikamwonyesha kinywa changu kisha upande wa baba, nikapiga yowe ambalo najua hakulisikia, "Sema naye weye mwenyewe! Sema!"

Alielewa. Alifumba macho kwanza. Kisha nikaona midomo yake ikisogea, na upande wa pili kichwa cha baba yangu, aliyekuwa karibu naye kuliko mimi, kikainuka ghafla kuelekea mgongo wa paa.

Baada ya hapo ilikuwa kazi. Midomo ya huyu ikisogea, ya yule ikijibu, kamba ikipanda kidogo, ikisimama, ikipanda. Baba akapata kichwa cha msumari kwa kidole cha mguu. Akapata kingine. Wakafika mgongoni wote wawili karibu kwa wakati mmoja, wakaketi wakitazamana katika mvua, kisha nilimwona mume wangu akikumbuka na kushusha macho. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye matofali, nikilia na kuwatukana.

Walishuka. Baba alifika nyumbani alasiri, akabadili nguo, akaketi. Mume wangu alikwenda kwenye nyumba yetu sisi wawili, mtaa wa pili, bila kusema na mtu. Mimi nilimfuata baba, kwa sababu nilijua atalisimulia jambo lile nusu nusu.

Alilisimulia lote. Mama alisikiliza akiwa amesimama, mkono kifuani. Baba alipofika pale pa mvua, akasema, "Pale njo akanisemesha." Mama akapiga makofi ya mshangao.

"Alikuita na kinywa yake? Mbele ya bantu? Sijamufungua, naye anasema! Atalipa kuku."

Na alikuwa na haki. Mkwe anayesema kabla ya kufunguliwa hutozwa. Mama yangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepoteza pumzi kwa kusikia kwamba mumewe aliponea chupuchupu, na mtu akiwa hivyo hushika lile analolijua. Lakini mimi nilikuwa bado na tope miguuni.

"Mama, kama angenyamaza," nilisema, "lelo ungekuwa mujane."

Mama aliniangalia, kisha akamwangalia baba, kwa muda mrefu, kiunoni pale kamba ilipomwachia alama.

"Alisema nini?" akauliza, polepole.

Baba akasafisha koo. "Alisema: Baba, ni miye. Usifunge macho. Kamba iko mu mukono yangu, na miye sitaachilia." "Alirudilia ile neno ya mwisho mpaka nikafika."

Mama akatoka kwenda uani. Tulimsikia kuku akipiga kelele, kisha hatukumsikia tena.

"Na samaki?" nilimuuliza baba kwa sauti ya chini.

"Ile samaki ibakie kule Kasomeno," alisema.

Walimwita mume wangu kabla jua halijatua. Mvua ilikuwa imekatika na mtaa wote unanuka udongo. Alisimama mlangoni, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu harusi, akiangalia vidole vyake vya miguu. Baba akamwonyesha kiti. Mama akaingia na bakuli, kuku mzima, bukari, sombe, basi. Hakujifunika uso. Aliweka chakula chini, akachukua birika na beseni ili amnawishe, jinsi mila inavyotaka, naye akatoa mikono yake mbele.

Viganja havikuwa na ngozi. Kamba ilikuwa imeila kutoka kwenye vidole hadi karibu na kifundo. Kule ghalani hakuwa ameniruhusu nione, alikuwa amevifunga vitambaa, akavifungua mlangoni kwa adabu. Mama akabaki na birika hewani. Maji hayakumwagika.

Kuna maneno maalumu ambayo mama mkwe huyasema siku hiyo, mazuri, ya kumkaribisha mkwe katika nyumba, na mama alikuwa ameyafanyia mazoezi tangu nilipoolewa. Hakuyasema. Aliweka birika chini, akanawa yeye, akaketi sakafuni mbele ya mkwe wake. Akamvunja yule kuku. Akatoa nyama kwenye mifupa, akaikata vipande vidogo vidogo kama vya mtoto, akafinyanga tonge la bukari, akalishika mbele ya kinywa cha mume wangu.

"Kula, mutoto yangu," alisema. "Na mukiwa kule yulu ya paa, museme."